Radio yenye haikatake muntu maneno

Wateja wangu bamezoea sasa. Mwanzoni kila muntu alikuwa anauliza swali moja tu: "Patro, hii radio yako mbona haina muziki?" Niko na kibanda cha fotokopi karibu na universite, hapa Lubumbashi, naandikia bastudenti kazi zabo, nachapisha, nafunga na ile plastiki ya juu, na pembeni ya imprimanti kuko ka bafle kadogo kenye kanasema tangu asubui mpaka saa ya kufunga. Kanasema tu. Muntu mumoja anaongea, anafikiri, ananyamaza kidogo, anarudilia neno yake, na hakuna mwenye kumukatiza. Mama mwenye anauzisha mikate pembeni yangu aliniambia siku moja, "huyu mubaba anaongea sawa vile hakuna mwenye anamufukuza", na tangu ile siku sijapata maneno ingine mazuri kupita ile ya kueleza juu ya nini napenda hii radio.

Inaitwa France Culture. Hapa kwetu bantu bengi banajua RFI, juu RFI iko mu FM na tangu 2010 iko na emisio za Kiswahili, lakini RFI ni ile Bafaransa banatengenezea bantu ba inje. France Culture ni ile banajifanyia bao benyewe, iko mu Radio France, ile shirika ya radio za serikali yabo, pamoja na France Inter, France Musique na zingine, na huku Katanga huwezi kuipata ku antene, ni ku intaneti tu. Miye nanunuaka mega za usiku juu bei iko chini, nashusha podikasti kumi ao kumi na tano, na muchana ata umeme ikienda ka bafle kanaendelea. Nikitaka kusikiliza moja kwa moja lazima nihesabu saa kwanza: wakati kwabo ni baridi siye tunabatangulia saa moja, wakati kwabo ni joto saa yetu na yabo ni moja. Emisio ya saa saba na nusu ya muchana kule, kwangu inakuja saa nane na nusu ao saa saba na nusu, inategemea mwezi.

Jina France Culture ni ya 1963. Mwaka ule ule, tarehe 14 mwezi wa 12, Generali de Gaulle alifungua ile nyumba yabo ya muviringo pembeni ya mto Seine mu Paris, na mpaka leo banasemea mulemule. Mbele ya pale radio ilikuwaka na majina ingine, tangu vita ya 1945 kwisha, na wazo ilikuwa ile ile, kwamba serikali iwe na radio moja yenye kazi yake ni vitabu, teatre, historia, siyansi, filozofia, bila kujiuliza kila dakika kama bantu ni bengi benye banasikiliza. Bangereza balikuwa balianza ya kwabo mu 1946, BBC Third Programme, yenye leo inaitwa Radio 3. Kisha Bafaransa bakavunja ORTF, ile shirika kubwa ya radio na televizyo ya serikali, na mu mwezi wa kwanza 1975 Radio France ikaanza. Napita hapa haraka juu haina majina njo yenye inanishika.

Yenye inanishika ni namna banafanyaka kazi. Iko emisio moja, Les Pieds sur terre, ya Sonia Kronlund, ilianza 2002, karibu dakika 28, siku zote za kazi. Ndani yake hausikie jurnalisti. Jurnalisti alikuwako, ni yeye alienda na mikro, aliuliza, alingoja, lakini kisha anatosha sauti yake yote anabakisha ya muntu mwenye anaeleza. Hakuna mutalamu wa kuja kutuambia tufikiri nini. Unasikia muntu anaelezea kazi yake, deni yake, ndoa yake, gereza, ugonjwa ya mutoto, na unasikia kiti inalia, mulango inafungwa, muntu anavuta pumzi mbele ya kusema neno yenye inamuuma. Siku ya kwanza nilifikiri faili imeharibika, kwamba nimeshusha nusu. Nikarudilia. Mara ya pili nikaacha kuchapa kazi ya student mumoja mwenye alikuwa anangoja mbele yangu, nikasikiliza mpaka mwisho, na yeye pia akasikiliza, akasahau aliharakisha wapi.

Ile kutosha sauti yake mwenyewe, nafikiri ni kazi ya heshima kubwa sana. Jurnalisti anajua yeye ni mulango, haina nyumba.

Iko na ingine, À voix nue. Muntu mumoja, mwandishi ao mwanamuziki ao mwanasiyansi, mara mingi muzee kabisa, anapewa wiki nzima, siku tano, kila siku karibu nusu saa. Ni karibu masaa mbili na nusu ya muntu mumoja! Hapa kwetu profesere mwenye alifundisha miaka makumi ine anaitwa ku radio, anavaa koti, anapanda teksi, anakaa mbele ya mikro, na banamuambia "kwa kifupi profesere, juu tuko na dakika mbili". Wakati Mudimbe, ule mwandishi na mwanafilozofia, alikufa, mwezi wa ine 2025, nilifungua radio moja kisha ingine kisha ingine. Huyu ni mutoto wa Likasi, alizaliwa 1941 wakati bado banaita Jadotville, alifundisha hapa hapa ku universite yetu mbele ya kuenda Marekani, na maisha yake yote aliuliza ni nani alituambia Afrika ni nini, na aliisema na maneno ya nani. Nilitaka saa moja tu. Saa moja ya muntu kumueleza kwa Kiswahili chetu, polepole, mpaka mama wa mikate ashike. Nilisikia habari fupi, kisha nyimbo. Ile usiku nilikasirika vile sikasirikake.

Najua mutaniambia kule kuko makuta. Ni kweli, na mambo ya makuta haina mambo ndogo. Mpaka 2022 karibu kila nyumba ya Ufaransa yenye televizyo ilikuwa inalipa kodi ya radio na televizyo za umma, euro 138 kwa mwaka, na mwaka ule bakaivunja, sasa ile pesa inatoka mu TVA, ile kodi yenye iko mu bei ya bintu, na bafanyakazi banaogopa juu chenye serikali inatoa na mukono moja inaweza kukipunguza na mukono ingine. Mu 2015 walisimamisha kazi siku 28 juu ya makato ya bajeti. Siku 28! Ni kusema ata kule hii kitu haikuanguka toka mbinguni, kuko bantu benye banaipigania. Lakini juu ya ile pesa ya bantu bote, hakuna tangazo ya bia yenye inaingia katikati ya muntu mwenye anaeleza mauti ya mama yake.

Hapa jurnalisti mingi hana mushahara ya kueleweka. Anaishi na kupaje, ile bahasha yenye mwenye mukutano anamupa kisha, banasema ni ya transpore. Sibahukumu, niko na rafiki mu ile kazi na najua batoto bake banakula juu ya nini. Lakini mujue kupaje inafanya nini: inachagua nani anaongea. Mwenye mukutano anatembea na bahasha anapata dakika makumi mbili mu habari, na ule mama wa Katuba mwenye anajua kila kitu ya vile bantu baliishi mu kambi za Union Minière, ile kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, hakuna mwenye atakwenda kumuona, juu nani atalipa transpore?

Sisemi kama yabo yote ni mazuri. Kuko emisio zenye banataja jina juu ya jina bila kueleza ni nani, na muntu wa inje anabaki mulangoni. Na Afrika, mara mingi, inafika pale kama imepita kwanza mu kitabu cha muzungu. Ile inaniumaka. Lakini ni radio ile ile inarushaka masomo ya Collège de France, ile nyumba ya masomo makubwa ya Paris, na mu 2016 mwenye alikuwa anafundisha pale fasihi ya Afrika ni Alain Mabanckou, mutoto wa Pointe-Noire, na kwa miye mwenye sina franga ya kupanda ndege, kusikia somo ya namna ile nikiwa nakata karatasi ku kibanda, ni kitu kikubwa.

Sasa nifike kwenye nilitaka kufika. Kuko Les Nuits de France Culture. Tangu 1985, usiku, wakati bantu balilala, banafungua makabati na kurudisha emisio za zamani. Bantu benye balikufa miaka makumi tano iliyopita banaongea, banacheka, banakosana juu ya vitabu. Hii inawezekana juu kuko INA, nayo ilianza 1975, kazi yake kubwa ni kuchunga sauti na picha za radio na televizyo za umma. Kuchunga. Kuandika tarehe, kuandika jina, kutia mahali pakavu.

Na siye?

Siye tulikuwa na radio yenye muji muzima ilikuwa inasimama juu yake. Mufwankolo na kikundi chake balicheza teatre mu Kiswahili chetu, haina Kiswahili cha kitabu, ile yetu yenye tunapikia na tunagombaniaka nayo ku mitaa ya hapa Lubumbashi, Kenya na Katuba na Kamalondo, na bantu balicheka juu balijisikia. Mu 1986 Johannes Fabian, mwanaantropolojia mwenye alifundisha hapa mu miaka ya 70, alirudi, akafuata kikundi siku kwa siku wakati banatengeneza mchezo juu ya mesali moja, kwamba bukubwa, ni kusema mamlaka, inaliwa muzima, haigawanywi. Maneno ya ule mchezo baliyaandika yote, neno kwa neno, na Kiswahili cha Lubumbashi cha namna ile leo unakisoma ku intaneti, mu arshivu ya universite ya Amsterdam. Namushukuru kabisa, bila yeye tungepoteza. Lakini kila mara nafungua ule ukurasa najiuliza mbona njia ya kufika Kamalondo inapita Amsterdam.

Miaka kidogo iliyopita nilienda ku radio moja ya hapa, sitaitaja, kuuliza kama kumebaki teatre za zamani. Teknisie alinipokea vizuri, muzee mupole, akanionyesha kabati. Ilikuwa na kasete tatu za nyimbo za kanisa. Akanieleza kwamba mu miaka ya shida hakukuwa makuta ya kununua kasete mupya, basi banachukua ya teatre ya wiki ilipita, banarekodi habari juu yake, kisha matangazo ya mauti juu ya habari, kisha tena. Alisema na sauti ya chini sana. Haikuwa kosa yake, na aliibeba sawa ni yake.

Nisiseme kama hakuna mwenye alifanya kitu. Ku universite yetu, tangu 2000, profesere Dibwe dia Mwembu na benzake balianzisha Mémoires de Lubumbashi, balienda kusikiliza bazee, bafanyakazi ba zamani, bamama, balikusanya na bintu na picha na kuonyesha ku mize, ile nyumba ya makumbusho. Ile ni kazi yenyewe. Yenye inakosekana ni radio ya kuirudisha mu nyumba za bantu, usiku, kwa sauti, kwa saa nzima.

Basi nilianza na yenye iko karibu. Baba mukubwa wangu, kaka ya papa, mu miaka ya 80 alikuwa na radio kubwa ku salon na ka magnetofone kadogo ka kasete. Saa ya teatre ikifika alikuwa anaweka kale kadogo juu ya kiti, mdomo kwa mdomo na radio, anafinya buto mbili pamoja, ile ya mwekundu na ya pembeni, na bantu bote ba nyumba banaambiwa kunyamaza. Alichunga kasete 31 mu sanduku ya bati. Mwezi uliopita alinipa. Alisema, "mwana, weye njo unajua mashine, angalia kama zinasema bado."

Jumapili nikafungua kibanda bila kufungulia wateja, baba mukubwa akakaa ku benshi. Kasete ya kwanza ilikuwa inasema sawa muntu mwenye amefunika mdomo na blanketi. Nikafungua vis tano, ndani nikakuta kale kaspoji kenye kanasukumaka bande ku kichwa ya mashine kameanguka, kamelala pembeni sawa punje ya muchele. Nikaenda kuomba tone moja ya kole kwa mushonaji wa viatu, nikakabandika, nikangoja ikauke. Bande ilikuwa imelegea, nikaivuta na Bik, ile kalamu ya pande sita inaingia vizuri mu meno ya gurudumu, nikazungusha polepole mpaka ikakazana. Kisha kamba toka kwa magnetofone mpaka ku laptopu, programu ya Audacity, na kuanza. Hii kazi haina njia ya mukato. Kasete ya dakika 60 inaomba dakika 60, ukae nayo, usikilize yote, upande mumoja kisha ugeuze.

Na teatre ikatoka. Mbali, na mchanga mchanga juu yake, lakini ikatoka, na baba mukubwa akaanza kucheka mbele ya mucheshi kusema, juu alijua neno gani inakuja. Kisha jogoo akawika, haina jogoo wa teatre, ni jogoo wa nyumba yabo. Kisha mutoto alilia. Kisha, karibu kabisa na mikro, sauti ya mama mukubwa: "Batoto, bukari inapoa. Mufunge ile kitu, mukuye kula."

Mama mukubwa alituacha mu 2003.

Baba mukubwa aliacha kucheka. Miye macho yangu yalikuwa ku ekra, nilikuwa nimeshachagua ile sehemu, juu programu iko na buto ya kutosha makelele, na kwa kichwa yangu jogoo na mutoto na mama mukubwa balikuwa makelele, banafunika maneno ya bachezaji. Kidole yangu ilikuwa tayari.

"Ile hapana," alisema. "Acha."

"Baba mukubwa, inafunika teatre."

"Teatre batasikia tu. Acha vile iko."

Nikaacha. Akaomba nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya tatu hakuomba, alianza kusema yeye mwenyewe, polepole, akiangalia mulango: ile siku ilikuwa siku gani, bukari ilikuwa na nini, nani alikuwa amekaa wapi, mutoto mwenye analia alikuwa mutoto wa nani, na vile mama mukubwa alikuwa anapendaka kujifanya amekasirikia radio lakini kesho yake anarudilia mchezo muzima kwa majirani ku bomba ya maji, na sauti zote. Nilifungua faili mupya, nikasogeza simu karibu yake, na nikanyamaza. Alisema dakika 47. Ku kusikiliza kisha niligundua nilisema "mm" mara mbili, na zile mm mbili nitazitosha.

Zinabaki kasete 30, na kila moja inaomba saa yake. Jumapili inayokuja tunaendelea, na mama wa mikate ameshasema atakuja na kiti yake mwenyewe, juu teatre za ile wakati yeye pia alikuwa anazisikiaka kwabo, ku Ruashi, na kuko moja anaitafuta.